Uamuzi wa Kuhama Hufanywa Siku ya Jua

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali iliipiga kata ya Mwakata, Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, jirani na Nyang'hwale. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa wameangukiwa na kuta za udongo za nyumba walimolala. Januari 13, 2024, katika kipindi cha mvua kubwa, mgodi mdogo wa dhahabu wa Ng'alita wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, uliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Aprili 25 mwaka huohuo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za El Nino za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri wengine zaidi ya 200,000.

Naandika makala haya kwa wakazi wa Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, na vijiji vinavyouzunguka mji huo: wakulima wa mpunga wa mbugani, wafugaji, wachimbaji, mama lishe wa kwenye makambi, walimu na wenyeviti wa vitongoji. Mito yetu mingi ni ya msimu. Miezi kadhaa ya mwaka ni mchanga mtupu ambao watoto huchezea na ng'ombe huvukia, na jambo hilo ndilo linalotulaza usingizi. Mto unaotiririka mwaka mzima hukukumbusha upo. Mto mkavu husahaulika, watu wakajenga kingoni, wakachimba kandokando na kuacha marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji wa dhahabu, ndani ya mkondo. Siku mvua kubwa inapoanguka mahali pengine kabisa, maji huja usiku, chini ya anga lenye nyota.

Shauri langu kwenu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: maamuzi magumu yafanyeni kiangazi. Nani anahama kwanza, anakwenda kwa nani, anapita njia ipi, nani anasimamisha kazi mgodini, nani anapiga kengele. Hayo yakiachwa mpaka saa nane ya usiku, kila baba atasema tusubiri kidogo, na kule kusubiri kidogo ndiko kunakoua.

Anzeni na ramani mliyonayo kichwani

Hakuna anayehitaji kungoja mtaalamu kutoka mjini ili ajue maji yatapita wapi. Wakulima wa Usukuma wameisoma ardhi yao kwa vizazi. Juu ya vilima kuna mawe na kokoto. Chini yake kuna luseni, mchanga unaonyonya maji haraka. Ukishuka unakuta itogolo na ibambasi, udongo wenye tabaka gumu chini, ambao maji hayapenyi bali huteleza juu yake. Ndiyo maana unafaa kwa majaruba. Mwisho kabisa ni mbuga yenyewe, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba ukilowa. Nyufa zikishajifunga kwa mvua za kwanza, kila tone linalofuata hubaki juu na kuanza safari ya kutafuta mto.

Basi iteni mkutano wa kitongoji kabla ya mvua za vuli za Oktoba. Chukueni jivu, mchoreni chini mto, barabara, shule, zahanati, visima, madaraja, mashimo ya migodi na kila kaya. Wapeni wazee nafasi ya kusema maji yalifika wapi katika mafuriko wanayoyakumbuka. Waulizeni pia kina mama wanaoteka maji na watoto wanaochunga, kwa sababu hao ndio wanaovijua vivuko vinavyojaa kwanza. Kila alama ya zamani ikathibitishwe kwa miguu: mti uliobaki na takataka kwenye matawi, ukuta wenye mstari wa tope. Kisha mchoro huo uhamishieni kwenye karatasi kubwa. Nakala moja ikae ofisi ya mtendaji wa kijiji, nyingine shuleni.

Kwenye mchoro huo tengeni kaya katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni kaya zilizo mkondoni au kingoni, zinazofikiwa na maji hata katika mwaka wa kawaida. La pili ni zile zilizo kwenye itogolo na ibambasi, ambazo maji huzizunguka yakikosa pa kwenda. La tatu ni zilizo juu, kwenye luseni na mawe; hizo ndizo zitakazopokea wageni. Wanaoishi kwenye makambi ya wachimbaji na kando ya mialo ya kuoshea dhahabu wasisahaulike. Wengi ni wageni waliotoka mikoa ya mbali, hawaujui mto huu ukikasirika unafanana vipi, na majina yao hayamo kwenye daftari la kijiji. Aliyelala ndani ya turubai bondeni ni mkazi wenu usiku huo, awe ametoka Tarime au Songea.

Onyo lisilotegemea bahati

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa msimu kabla ya vuli na kabla ya masika, na katikati ya msimu hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Taarifa hizo husomwa redioni na kusambazwa kwenye simu. Tatizo ni kwamba huitaja mikoa, Geita, Shinyanga, Mwanza, na mwananchi husikia na kuendelea kula. Kijiji kinatakiwa kiamue kila neno litamaanisha nini kwake. Kwa mfano: likitangazwa angalizo, wasomaji wa mto wanaanza zamu. Ikitangazwa tahadhari, hakuna anayeshuka shimoni, na mifugo hailali bondeni. Ikitangazwa tahadhari kubwa, kaya za kundi la kwanza zinalala juu usiku huo, hata kama mbingu bado ni nyeupe.

Utabiri wa mkoa uunganisheni na vipimo vyenu wenyewe. Kipimo cha mvua hakina gharama: tafuteni kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilopanuka juu wala chini, liwekeni uwanjani mbali na miti na mapaa, na mpime kina cha maji kwa rula kila asubuhi saa moja. Kwa TMA, mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24 ni mvua kubwa. Milimita 50 ni sentimita 5 tu ndani ya kopo, lakini juu ya ekari moja ni takriban lita 200,000, yaani ndoo 10,000 za lita 20. Hesabuni ekari zilizo juu yenu mpaka kwenye vilima, mtaelewa kwa nini korongo hujaa kwa saa chache. Walimu wa hisabati na sayansi wakabidhiwe kazi hii pamoja na wanafunzi wao. Ni somo zuri, na kumbukumbu zake zitawafaa wajukuu.

Cha pili ni nguzo ya mto. Simikeni nguzo imara, au pakeni rangi kwenye nguzo ya daraja, kwa ngazi tatu: kijani, njano na nyekundu. Kijani maana yake maji yapo ndani ya kingo. Njano: watoto, wazee, wajawazito, wagonjwa, walemavu na mifugo wanaondoka. Nyekundu: kila mtu anaondoka. Mahali pa kupaka rangi ya njano pasichaguliwe kwa macho tu. Hesabuni inachukua muda gani kumtoa bibi asiyeweza kutembea kutoka nyumba ya mbali kabisa hadi mahali salama, muda huo uzidisheni mara mbili kwa sababu itakuwa usiku na matope, kisha mshushe mstari wa njano mpaka uwape nafasi hiyo.

Cha tatu, na muhimu kuliko vyote, ni simu kutoka juu. Kijiji kilicho juu ya mto huyaona maji saa kadhaa kabla yenu. Wekeni makubaliano ya maandishi na majirani hao: msomaji wao wa mto akiona njano anawapigia watu watatu kwenu. Wawe watatu, kwani simu ya mmoja itakuwa imeishiwa chaji. Nanyi mna deni hilohilo kwa walio chini yenu. Maji ya ukanda huu hayasimami mpakani mwa kijiji wala wilaya. Yale yanayoingia mto Isanga husafiri mpaka Ziwa Victoria.

Utaratibu huu umeshajaribiwa na watu wa hali kama yetu. Baada ya mafuriko ya mwaka 2000 yaliyoua mamia ya watu nchini Msumbiji, vijiji vya bonde la mto Búzi viliunda kamati za kusoma vipimo vya mvua na nguzo za mto, na kupeana habari kwa redio za mawasiliano kutoka juu hadi chini. Wasomaji wa vipimo walikuwa wanakijiji wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo.

Mwano wa maji uwe tofauti

Ukanda huu una hazina ambayo sehemu nyingi za nchi hazina. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walipoanza maeneo ya Kahama na Nzega kupambana na wezi wa mifugo, vijiji vya Usukuma vimezoea kwamba mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kila mwenye nguvu anatoka nje. Kuna viongozi, kuna zamu, kuna filimbi, na kuna adhabu kwa asiyeitika. Muundo huo unatosha kabisa kuwa jeshi la maafa la kijiji.

Lakini kuna hatari ndani yake, na mkutano wenu lazima uizungumze. Mwano wa mwizi humwita mtu akimbilie kwenye kelele. Mafuriko yanamtaka akimbie kwenda juu, mbali na mto. Vijana wakisikia mwano uleule usiku watashuka bondeni na marungu, wakakutane na maji. Kwa hiyo chagueni ishara nyingine. Rimu ya gari iliyotundikwa mtini, kama ile ya shuleni, inatosha: mapigo matatu, kimya, mapigo matatu, bila kukoma, na maana yake moja tu, panda juu. Itundikeni mahali pasipofikiwa na maji, mwekeni mtu na msaidizi wake wenye mamlaka ya kuigonga bila kungoja ruhusa ya mwenyekiti, na msimcheke wala kumtoza faini mtu akiigonga na maji yasije. Mkimwadhibu kwa tahadhari ya bure, mara ya pili atasita.

Fanyeni mazoezi angalau mara mbili kwa mwaka, moja mchana na moja usiku. Mazoezi ya usiku ndiyo yatakayowaonyesha kwamba kivuko fulani hakionekani bila tochi, au kwamba nyumba za mwisho hazisikii rimu kukiwa na mvua juu ya bati. Nyumba hizo zipewe mtu wa kuzigongea mlango.

Nani anakwenda kwa nani

Watu wengi husema tutakimbilia shule. Ni wazo zuri iwapo shule iko juu, ina vyoo vinavyotosha na ufunguo uko karibu. Kagueni hayo mapema, na ufunguo wa pili akae nao mjumbe anayeishi jirani. Hata hivyo makimbilio bora ni nyumba ya mtu unayemfahamu. Katika mkutano wa kiangazi, kila kaya ya kundi la kwanza ipewe kaya ya juu itakayoipokea, na kaya hizo mbili zikubaliane uso kwa uso. Mtu anayejua kuna mlango unaomngoja huondoka mapema.

Andikeni orodha ya wasioweza kuondoka wenyewe: wazee wanaoishi peke yao, wasioona, wenye ulemavu wa viungo, kina mama wenye watoto wachanga. Kila jina liwe na majina mawili ya vijana pembeni yake. Mjamzito aliyekaribia kujifungua asingoje mvua ianze. Barabara ya udongo wa mbuga ikilowa haipitiki kwa gari wala bodaboda. Ahamie kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya, na familia iwe na namba ya bure ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, 115. Namba nyingine za kuandikwa ukutani ni 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi.

Kuhusu kuvuka maji, kijiji kiwe na amri moja isiyo na mjadala: korongo likijaa, hakuna kuvuka. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 huyabeba magari mengi. Aprili 2024 jijini Arusha, gari la wanafunzi lilisombwa na maji asubuhi na watoto wakapoteza maisha. Mwalimu mkuu awe na idhini ya wazazi, iliyotolewa mapema, ya kuwazuia watoto shuleni hadi maji yapungue. Waendesha bodaboda waingizwe kwenye kamati, kwa sababu wao hushawishika na nauli ya kuvusha watu wakati ambapo kuvusha ni kuua.

Nyumba, ghala na zizi

Mwakata ilitufundisha kwamba ukuta wa matofali mabichi ukilowa chini hupoteza nguvu na kuanguka kwa mkupuo. Kabla ya mvua kila mwenye nyumba azunguke akitazama nyufa za pembeni, unyevu chini ya ukuta, na milango iliyoanza kukwama. Chimbeni mtaro wa kuyaelekeza maji mbali na msingi, jengeni kibaraza cha mawe na udongo mgumu kuzunguka ukuta, na paa litokeze vya kutosha ili maji yasipige ukuta. Anayejenga upya aanze na msingi wa mawe ulioinuka juu ya usawa wa mafuriko mliouthibitisha kwenye mchoro. Usiku wa mvua kubwa, nyumba yenye ufa mkubwa isilaliwe. Hameni mapema, hata kama mto uko mbali.

Chakula kisiwekwe chini. Kihenge kiinuliwe juu ya nguzo. Nafaka iliyo kwenye magunia ipandishwe juu ya chanja. Hati ya kimila ya shamba, vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na daftari la vikoba vitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pamoja na tochi, kiberiti, dawa za wanaotumia dawa kila siku na fedha kidogo. Mfuko huo utundikwe karibu na mlango msimu mzima.

Ng'ombe ndiye benki ya familia nyingi, na wapo watu waliokufa wakirudi kumfungua. Tiba yake ni kupanga zizi la juu mapema na kuhamishia mifugo huko jioni ya tahadhari, kabla ya giza. Yakishindikana hayo na maji yameingia, kata kamba, fungua zizi, uondoke. Ng'ombe aliyefunguliwa huogelea, aliyefungwa huzama.

Migodini: shimo halingoji

Hapa ndipo Kharumwa inapotofautiana na mabonde mengi ya Tanzania. Kwetu mafuriko yana milango mingi ya kuingilia ardhini: maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, yanayofanya kazi na yaliyoachwa. Pia yapo marundo ya marudio karibu na mikondo.

Mwenye duara na wanaapolo, wachimbaji wake, wakubaliane hivi. Mvua ikianza, hata ikiwa inanyesha upande wa pili wa kilima, walio chini wanapanda. Baada ya mvua kubwa hakuna anayeshuka mpaka msimamizi akague mdomo wa shimo, kuta na matimba, yaani nguzo za miti zinazozishikilia. Ufa mpya juu ya mdomo, maji yanayochuruzika pasipo kawaida, kifusi kinachodondoka kidogokidogo na matimba yanayolia ni dalili za kufunga kazi siku hiyo. Mdomo wa shimo uzungushiwe tuta la udongo na viroba vilivyojazwa mchanga, ili maji ya juu ya ardhi yasiingie, na mtaro wa kuyakwepesha uchimbwe upande wa mlima.

Wekeni daftari la kuingia na kutoka. Kila anayeshuka aandikwe jina na saa, na anayepanda afutwe. Januari 2017 huko Nyarugusu, mkoani Geita, watu 15 walinaswa chini ya ardhi na wakatolewa wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Uokoaji wa namna hiyo unahitaji kujua kwa hakika ni wangapi wako chini na wako njia ipi. Pasipo daftari, waokoaji huondoka mapema wakimwacha mtu, au huhatarisha maisha yao wakimtafuta ambaye alishakwenda nyumbani.

Maduara yaliyoachwa yafukiwe kiangazi. Yasipoweza kufukiwa, yazungushiwe uzio wa miiba na alama ndefu inayoonekana hata maji yakitanda, kwa sababu mbuga ikifurika uso wake huwa sawa na mtu hawezi kujua anakanyaga ardhi au mdomo wa shimo. Mwenye leseni anawajibika. Kijiji kimkumbushe kwa barua, nakala kwa Afisa Madini Mkazi.

Kisha kuna sumu. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu na sayanaidi inayotumika kuchenjulia marudio havina sababu ya kuwa karibu na mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mialo na marundo ya marudio yahamishwe nje ya mita hizo na kuzungushiwa tuta, na kemikali zifungwe mahali palipoinuka. Hata migodi mikubwa haina kinga ya kudumu: Novemba 7, 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka na tope likafunika mashamba na makazi ya jirani. Vijiji vilivyo chini ya bwawa la mgodi wowote viombe kwa maandishi mpango wa tahadhari wa mgodi huo, na vijue ni nani atakayewapigia simu.

Maji yakishapungua

Siku za baada ya mafuriko huua polepole. Vyoo vikifurika, kinyesi huingia visimani, na kipindupindu hufuata. Mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwemo Shinyanga na Simiyu, ilikumbwa na ugonjwa huo mwanzoni mwa 2024. Chemsheni maji ya kunywa au tumieni vidonge vya kutibu maji, na visima vilivyofunikwa na mafuriko visitumike mpaka bwana afya aseme. Mtu akiharisha maji, aanze kunywa mchanganyiko wa lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa kituoni bila kuchelewa. Nanyi wa karibu na mialo kumbukeni kwamba kuchemsha hakuondoi zebaki. Madimbwi yaliyo chini ya sehemu za kuchenjulia yasinywewe na watu wala mifugo, na samaki waliokufa humo wasiliwe.

Mnyama aliyekufa asichunwe. Mvua za El Nino za 2006 na 2007 zilileta Homa ya Bonde la Ufa iliyoua mifugo na watu nchini. Mwiteni afisa mifugo kwanza. Lala ndani ya chandarua, kagua nyumba kwa fimbo kwa ajili ya nyoka, na usirudi kulala kwenye ukuta uliolowa mpaka ukauke na kukaguliwa.

Nina neno jingine ambalo lazima lisemwe wazi. Katika ukanda wetu, msiba mkubwa umewahi kufuatiwa na minong'ono ya nani kaleta, na bibi vizee wamelipa kwa maisha yao. Mafuriko yanaletwa na mvua, mteremko, miti iliyokatwa na nyumba zilizojengwa mkondoni. Viongozi wa dini, watemi wa sungusungu na waganga wa jadi walitamke hilo kabla ya mvua na walirudie baada yake. Bibi aliye kwenye orodha ya kuokolewa asigeuke kuwa mtuhumiwa.

Kuyapunguza maji yenyewe

Kujiandaa kukimbia hakutoshi. Lazima pia maji yacheleweshwe njiani. Shinyanga ina ushahidi wake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwasaidia wananchi kurudisha ngitili zao, yale malisho yaliyofungwa kwa ajili ya kiangazi, na mamia ya maelfu ya hekta yalirejea kuwa na miti na nyasi. Ardhi yenye nyasi hunywa maji. Ardhi tupu huyatupa bondeni. Tengeni ngitili za kijiji juu ya mto, limeni kwa kukinga mteremko, acheni kingo za mto ziote matete na miti, na punguzeni ukataji wa miti ya matimba kwa kupanda ya kwenu. Makalavati yaliyoziba yazibuliwe kabla ya Oktoba. Kwa yaliyo madogo, waandikieni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, barua yenye picha na jina la kivuko.

Sheria iko upande wenu. Sheria ya Menejimenti ya Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Muulizeni mtendaji: kamati yetu ina nani, imekaa lini, mpango wake uko wapi? Kama jibu ni kimya, mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila miezi mitatu, una nafasi ya kulisimamia jambo hilo. Wanawake na wachimbaji wawemo ndani ya kamati, na daftari la akiba ya maafa lisomwe hadharani, hata kama michango ni debe la mahindi kwa kila kaya.

Nawaomba basi, ndugu zangu wa Kharumwa: mkutano wenu ujao usifungwe kabla hamjafanya mambo manne. Chagueni wasomaji wa mto. Pangeni kila kaya ya bondeni na kaya itakayoipokea. Kubalianeni ishara ya kupanda juu. Wekeni daftari kwenye kila duara. Haya manne hayahitaji fedha ya wafadhili wala kibali cha mkoa. Yanahitaji mchana mmoja wa jua, na watu walio tayari kuamua.